Sura ya Sita: Mita Mbili, Mfuko Mmoja

Nje kidogo ya Kolwezi, kando ya barabara iendayo Likasi, kuna mahali panaitwa Musompo. Kwa miaka mingi pamejulikana kwa depo zake: vibanda vya mabati na turubai, mzani mbele, bei zimeandikwa ubaoni, na mnunuzi, mara nyingi Mchina, ameketi na karani wake Mkongomani. Mchimbaji hufika na mifuko juu ya pikipiki. Mfuko unafunguliwa, madini yanachotwa, kisha karani anashika kitu chenye umbo la bastola, anakibana juu ya madini, anavuta kifyatulio na kungoja. Namba inatokea. Wao huiita teneri, yaani kiwango cha kobalti au shaba kwa asilimia, na namba hiyo ndiyo inayoamua kama jioni hiyo nyumbani kutakuwa na nyama.

Bastola hiyo huitwa Metorex. Hata iwe imetengenezwa Marekani au Uchina, pale ni Metorex tu, kama vile kwa wengi wetu dawa yoyote ya meno ni Kolgeti. Metorex ilikuwa kampuni ya Ufini. Oxford Instruments ya Uingereza iliinunua mwaka 2004, na mwaka 2017 kazi hiyo ikapita mikononi mwa Hitachi ya Japani. Sokoni kwingine jina limefifia. Kolwezi hata mtoto analijua.

Sasa mchukue mchimbaji aliyepimiwa depo ya kwanza akaambiwa 3, akafunga mfuko wake kwa hasira, akaenda depo ya tatu akaambiwa 4.1. Maneno yake yanajulikana: "Patroni, Metorex ya kule inaibaka." Huenda ni kweli. Amnesty International na Afrewatch, katika ripoti yao ya Januari 2016 kuhusu kobalti ya Congo, waliandika kwamba wachimbaji hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakiki uzito wala kiwango, wakabaki kupokea alichosema mnunuzi. Lakini nina ubishi mdogo na neno hilo "inaibaka". Mashine mbili zenye afya, mikononi mwa watu wawili waaminifu, zinaweza kuupa mfuko mmoja namba mbili. Na asiyejua mashine hizo zina haki ya kutofautiana kwa kiasi gani, hawezi kujua wizi unaanzia wapi.

Nitaanza mbali kidogo, kwenye redio. Si kwamba nakwepa. Eksrei ambazo Metorex hufanya nazo kazi ni ndugu wa mawimbi ya redio, ukoo mmoja kabisa. Kituo cha FM cha megahezi 100 hutikisa wimbi lake mara milioni 100 kwa sekunde, na eksrei inayotoka kwenye chembe ya kobalti hutikisika haraka kuliko hapo mara bilioni 17 hivi. Tofauti ni ya mwendo wa mtikisiko tu, na matatizo ya kuyapima yanafanana kuliko mtu anavyodhani. Tena redio tumeizoea.

Kila msomaji wa kitabu hiki ana mita ya mawimbi ya redio mfukoni. Weka mezani simu mbili za watengenezaji wawili, zote zenye laini ya kampuni moja. Hii inaonyesha vijiti vinne, ile viwili. Wenye simu wataanza kubishana simu ipi ni mbovu, wakati hakuna sheria iliyosema kijiti kimoja ni mawimbi kiasi gani. Kila mtengenezaji huchora ngazi yake. Mwaka 2010, Apple ilipozomewa kwa sababu ya iPhone 4 iliyopoteza mtandao ikishikwa kwa namna fulani, ilikiri kwamba hesabu ya vijiti vyake ilikuwa na kosa na kwamba mara nyingi simu ilionyesha vijiti viwili zaidi ya ilivyostahili. Mawimbi yalikuwa yale yale, ila mchoraji alikuwa mkarimu.

Halafu kuna suala la mahali. Wimbi la simu la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33. Linapogonga kitu likarudi, lile linalokwenda na lile linalorudi hukutana, hapa yanasaidiana, pale yanauana. Shuka kwenye shimo kubwa la KOV, mgodi wa wazi wa Kolwezi, lenye kuta za mwamba zilizochongwa ngazi kwa ngazi na malori makubwa kama nyumba, na mawimbi yanadunda kila upande. Kutoka mahali penye nguvu hadi mahali pakavu pengine ni sentimita nane tu. Kwa hiyo simu mbili zilizolazwa bega kwa bega juu ya boneti ya gari haziko mahali pamoja. Kwetu ziko pamoja, lakini kwa wimbi ni kama nyumba mbili za mtaa mmoja, moja ina maji na nyingine bomba limekauka.

Kabla ya simu hizi kulikuwa na foni, na waliozaliwa enzi za Zaire watanisamehe nikikaa hapa kidogo. Simu za waya zilipokufa, nchi ilizungumza kwa foni: redio za masafa mafupi kwenye parokia, kwenye kampuni, kwa wafanyabiashara. Chumba kimoja, betri ya gari, waya wa antena umetandazwa kutoka mti hadi mti, benchi la wanaongoja zamu. Ulilipa, ukaitiwa mtu wako aliye mji mwingine, ukamweleza msiba au bei ya unga huku benchi zima likisikiliza. Siri haikuwepo. Na fundi wa foni alikuwa na kisanduku kimoja alichokitegemea kuliko vyote: mita ya wati, ya kumwambia kama redio yake inasukuma nguvu kwenda hewani au inajipasha joto tu.

Jambo ambalo wengi hawakuambiwa ni kwamba mita hiyo haipimi wati. Ndani yake kuna kipande kinachodokoa sehemu ndogo sana ya wimbi linalopita kwenye kebo, dayodi inaligeuza kuwa umeme wa moja kwa moja, na umeme huo unasukuma sindano. Basi. Aliyeandika "50" na "100" chini ya sindano ni mtu wa kiwandani, na alipoandika alikuwa na masharti yake kichwani: kebo na antena ziwe za omu 50, wimbi liwe tulivu lisilopanda wala kushuka, masafa yawe yale aliyoyatumia yeye. Masharti hayo hayakuandikwa usoni pa mita. Likivunjika moja, sindano haisemi chochote. Inaendelea kuonyesha namba kwa uso ule ule.

Chukua sharti la utulivu. Foni nyingi zilitumia mtindo uitwao SSB, ambao ukinyamaza hakuna wimbi linalotoka, na ukisema wimbi linapanda na kushuka na sauti yako. Sauti ya mtu ina vilele vikali na mabonde marefu. Mita yenye sindano nzito haiwezi kufuata vilele, hivyo hutulia karibu na wastani, tuseme wati 25. Mita nyingine, iliyoundwa kushika kilele na kukining'iniza sekunde moja, itasema 100 kwa redio hiyo hiyo na mzungumzaji huyo huyo. Nani mwongo? Moja imejibu swali "kwa kawaida ni ngapi?" na nyingine "ikifika juu kabisa ni ngapi?" Fundi aliyeiva hakubishana nazo. Alipiga mluzi mmoja mrefu kwenye maikrofoni. Mluzi haurukiruki kama maneno, na hapo mita mbili zikasogeleana.

Sharti la omu 50 lina balaa zaidi, kwa sababu kebo iliyopatikana kirahisi sokoni ilikuwa ya televisheni, na hiyo ni ya omu 75. Kebo isipolingana na redio au antena, sehemu ya wimbi hurudi nyuma, nayo ikikutana na inayokwenda hufanya vilima na mabonde ya volti yaliyosimama ndani ya kebo. Tuseme redio inapeleka wati 100 halisi na vilima ni mara mbili ya mabonde. Mita inayosoma volti peke yake, ikifungwa kwenye kilima, itaonyesha 200. Isogeze kwenye kebo hiyo hiyo kiasi cha mita saba (za urefu, si za sindano) kama unatumia megahezi 7, na itaonyesha 50. Namba moja ni mara nne ya nyingine, na hakuna kilichobadilika ila mahali pa kufunga mita. Mita nzuri zaidi hutenganisha wimbi linalokwenda na linalorudi, na ndiyo maana bei yake inauma.

Hata hizo nzuri zina ahadi yenye mipaka. Bird 43, kisanduku kizito ambacho mafundi wa redio duniani wamekibeba tangu miaka ya 1950, huahidi kosa lisilozidi asilimia 5 ya kipimo chote. Wengi huisoma sentensi hiyo harakaharaka na kuruka maneno mawili ya mwisho. Kipimo chote kikiwa wati 100, kosa linaloruhusiwa ni wati 5 popote sindano ilipo. Ikionyesha 20, ukweli uko kati ya 15 na 25. Basi Bird mbili mpya, zote ndani ya ahadi ya kiwanda, zinaweza kusoma 16 na 24 kwa redio moja, na hakuna wa kushtakiwa.

Kolwezi ina somo lingine la kipimo, na hili limesimama kwa minara ya chuma. Hapo ndipo unapofika mwisho wa mstari wa umeme wa Inga–Shaba, kilomita 1,700 hivi kutoka bwawa la Inga karibu na bahari. Ulikamilika mwaka 1982, na kwa muda mrefu haukuwa na mwenzake duniani kwa urefu katika umeme wa moja kwa moja. Umeme unasafiri ukiwa wa moja kwa moja, na Kolwezi mitambo inaugeuza uwe wa kupanda na kushuka ili migodi iutumie. Kugeuza huko ni kufungua na kufunga njia za umeme kwa kasi kubwa, bila kupumzika, na kila kufunga hurusha vumbi la mawimbi kwenye masafa ya redio. Ni tabia ya mitambo ya namna hiyo popote ilipo, na aliye jirani nayo akiwasha redio ya masafa ya kati husikia mikwaruzo.

Leta sasa redio mbili zenye sindano ya kuonyesha nguvu ya mawimbi, moja yenye mlango mpana wa kilohezi 6 na nyingine yenye mlango wa kilohezi 2.4. Zitege kwenye kituo kimoja cha mbali na zitakubaliana, maana kituo kimesimama mahali pamoja na milango yote miwili inakimeza chote. Zitege kwenye kelele na zitaachana: ile pana itaona kelele mara mbili na nusu zaidi. Kelele ni mvua, haidondoki mahali pamoja. Acha sufuria na kikombe uani usiku kucha na asubuhi sufuria ina maji mengi, wala husemi kikombe kimeiba. Kwa hiyo mtu akikuletea kipimo cha kelele bila kukwambia upana wa mlango, hajakuletea kipimo. Na kwa kuwa kelele ya mitambo huja kwa mipigo kama mtu anayebisha hodi, mita ya kilele na mita ya wastani zitatengana hapa tena kwa umbali wa aibu. Kamati ya kimataifa iitwayo CISPR, iliyoanzishwa mwaka 1934 kushughulikia kelele hizo, iliishia kubuni mita ya aina ya tatu, isiyo ya kilele wala ya wastani, iliyokusudiwa kufuata kero inayolipata sikio la msikilizaji. Ni moja ya mambo ya kiutu zaidi niliyowahi kukuta katika vitabu vya uhandisi.

Turudi Musompo.

Metorex nayo haipimi kobalti. Inapiga madini kwa eksrei, chembe za kila metali zinajibu kwa sauti yake, na kipokezi kinahesabu sauti moja moja. Kwa kizio cha kiloelektronivolti, chuma hujibu kwenye 6.40, kobalti 6.93, shaba 8.05. Mpaka hapo ni redio yenye vituo vitatu. Tatizo ni kwamba chuma kina sauti ya pili, dhaifu, kwenye 7.06, ukutani kabisa kwa kobalti. Umbali kati yao ni 0.13 tu. Mashine za zamani zenye vipokezi vya gesi zilisikia sauti hizo mbili kama moja. Za sasa zenye vipokezi vya silikoni zina mlango wa karibu 0.15, kwa hiyo nazo hazitenganishi kabisa. Kinachofanyika ni hesabu: programu inajua sauti ya pili ya chuma ni karibu sehemu moja kwa nane ya ile ya kwanza, inapima ya kwanza, inatoa. Udongo wa Katanga ni mwekundu, na wekundu huo ni chuma. Mashine moja imefunzwa kwa madini yenye chuma kingi, nyingine kwa madini safi, nazo hazitatoa kiasi kile kile. Katika mfuko wa asilimia 2 ya kobalti ndani ya udongo mwekundu, kosa dogo la kutoa linakula sehemu kubwa ya namba.

Kuna na mtindo wa kazi. Bastola hizi zina hali zaidi ya moja, mojawapo ya vyuma chakavu na nyingine ya mawe na udongo. Ikiachwa kwenye hali ya vyuma, inadhani kila ilichokiona ni metali tupu na inagawa asilimia 100 kati ya metali peke yake, bila kuhesabu oksijeni na mchanga. Jiwe la kawaida litapata namba ya kifalme. Mchimbaji aliyewahi kuonyeshwa namba hiyo na mtu fulani, kwa kosa la kidole, ataikumbuka maisha yake yote, na kila mnunuzi wa baadaye atakuwa mwizi.

Eksrei ya kobalti haitoki mbali. Inayofika kwenye kipokezi imetoka katika ngozi ya juu ya jiwe, sehemu ndogo ya milimita. Na heterojeniti, madini meusi ya kobalti yaliyowafanya watu wa mtaa wa Kasulo kuchimba chini ya sakafu za nyumba zao kuanzia mwaka 2014, mara nyingi hukaa kama ganda jeusi juu ya mwamba wa rangi nyingine. Ukigeuza jiwe upande mweusi unapata namba moja, upande mweupe nyingine. Tusijifanye kwamba ni mnunuzi peke yake anayelijua hili.

Hata unga uliosagwa vizuri hautasoma sawa mara mbili, kwa sababu mashine inahesabu vitu vinavyokuja kwa bahati, kama matone juu ya bati. Ukihesabu 400, tarajia kuyumba kwa 20 hivi, yaani asilimia 5. Ukihesabu 10,000, kuyumba ni 100, asilimia 1. Karani anayeachia kifyatulio baada ya sekunde chache kwa sababu foleni ni ndefu amechagua, bila kujua, kuyumba zaidi.

Lakini lililonishangaza zaidi ni maji, na nitaliweka kwa hesabu. Mfuko una kilo 100, kilo 20 ni maji, na madini yakiwa makavu yana kobalti asilimia 5. Kobalti halisi ni kilo 4. Pima kiwango yakiwa mabichi: maji yanakipunguza, na hata tukiacha mengine yote mashine itasema 4. Zidisha 4 kwa kilo 100 na unapata kilo zako 4, haki imetendeka. Au kausha, upate asilimia 5 ya kilo 80, bado ni 4. Sasa changanya: karani anasoma 4 kwenye madini mabichi, halafu anakata kilo 20 "za maji" kwenye mzani. Asilimia 4 ya kilo 80 ni kilo 3.2. Moja ya tano ya kobalti imetoweka, mzani ulikuwa mzima, Metorex ilikuwa nzima, na huenda karani mwenyewe hajui alichofanya. Maji yamekatwa mara mbili. Wakati wa masika mfuko uliolala nje bila turubai unaingia depo ukiwa umeshapoteza.

Congo ina CEEC ya kupima na kuthibitisha thamani ya madini, na OCC ya ukaguzi wa bidhaa. Hata hivyo mtu mwenye mifuko mitatu juu ya pikipiki ya kukodi hamalizi bei yake ofisini. Anaimaliza pale pale, juu ya meza yenye vumbi. Kwa hiyo nitasema linalowezekana pale. Chagua madini ya aina tatu: hafifu, ya kati, ya nguvu. Yakaushe juani, yasage, yachanganye, gawa kila unga mafungu mawili kutoka bakuli moja, na upitishe kwenye mashine mbili, kila pimo kwa dakika nzima. Tofauti za bahati hazitafuata mstari: hapa mashine ya kwanza itazidi, pale ya pili. Tofauti za chuma zitaonekana zaidi kwenye unga hafifu na mwekundu, na kwenye ule wa nguvu zitafifia.

Ila Metorex nyingi zina mahali, nyuma ya neno la siri, pa kuandika namba ya kuzidishia jibu kabla halijafika kwenye kioo. Iliwekwa kwa nia njema, ili mwenye maabara arekebishe mashine yake ilingane na madini ya kwake. Mashine ikirekebishwa kwa madini ya mbali namba hiyo hukosea bila hila, na mwenye hila anaiandika kwa dakika moja. Vyovyote iwavyo, alama yake ni moja. Mashine ya kwanza ikisema 2, 5 na 10, na ya pili ikasema 1.6, 4 na 8, usiulize tena habari za maji wala za udongo mwekundu. Mwombe karani afungue menyu, kisha umwangalie anavyomtazama patroni wake.